Dopla ya Kondo la Nyuma Miezi ya Mwisho ya Ujauzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kupiga utrasaundi kwa wajawazito. Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la nje ya chumba chetu na mengine kitandani kwenyewe, jeli ikiwa tayari tumboni. Mara nyingi daktari ameandika neno "dopla" kwenye kadi ya kliniki, mama hajaelezwa kitu, na anayemfafanulia ni jirani yake wa benchi.

Nimeshapiga utrasaundi mara mbili. Hii dopla ni kipimo kingine?

Kitanda ni kilekile, mashine kwa kawaida ni ileile, na jeli ni ileile ya baridi. Kinachobadilika ni swali. Utrasaundi ya kawaida inauliza mtoto ana ukubwa gani, amelalaje, maji yanatosha, kondo limekaa wapi. Dopla inauliza damu inapitaje. Mtoto anaweza kuonekana mzima kwenye picha, viungo vyote vipo, moyo unadunda 140 kwa dakika, huku kondo linalomlisha limeanza kuzidiwa.

Usiichanganye na kile kidude cha mkononi anachokuwekea muuguzi kliniki ukasikia "tuku tuku tuku". Nacho kinatumia dopla, lakini kinakupa mapigo ya moyo tu. Moyo unaweza kupiga vizuri kabisa kwa mtoto ambaye hali yake ya kondo si nzuri.

Inafanyaje kazi?

Simama kando ya barabara kuu, lori lipite linapiga honi. Likija kwako honi ni nyembamba, likishakupita inakuwa nzito. Honi haijabadilika, lori ndilo lililosogea. Christian Doppler wa Austria aliyaandika haya akiwa Prague mwaka 1842, tena yeye alikuwa akifikiria nyota. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alilijaribu jambo hilo kwa kupandisha wapiga tarumbeta kwenye treni. Napenda kuwasimulia akina mama kisa hiki ninapotafuta mshipa, kinawatoa wasiwasi.

Mashine yetu inafanya hivyohivyo kwa sauti ambayo sikio haliisikii. Sauti inagonga chembe za damu zinazokimbia na kurudi imebadilika kidogo. Kwa badiliko hilo tunajua damu inakwenda upande gani na kwa kasi gani. Kuitumia kwenye mishipa ya kiunga mwana, ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo ambayo wengi huiita kitovu, kulianza kuandikwa mwaka 1977, na watafiti FitzGerald na Drumm wa Dublin.

Vile vilima vinavyopita kwenye skrini ni nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mama akielewa vilima ameelewa kipimo kizima.

Kiunga mwana kina mishipa mitatu: ateri mbili zinazotoa damu kwa mtoto kuipeleka kwenye kondo, na vena moja inayoirudisha ikiwa na hewa na chakula. Damu yako na ya mtoto hazichanganyiki, zinapeana vitu kupitia ukuta mwembamba ndani ya kondo. Kwa hiyo moyo wa mtoto ndio unaosukuma damu kuingia kwenye kondo, na tukisikiliza ateri yake tunajua kondo linaipokeaje.

Fikiria pampu ya mkono ya kisima iliyofungwa mpira mrefu. Ukisukuma, maji yanaruka. Ukiachia kupumua, kama mwisho wa mpira uko wazi, maji yanaendelea kutiririka polepole. Mtu akikanyaga ule mpira, kila ukipumzika maji yanapungua, na akiukanyaga sana yanakoma mpaka usukume tena.

Kilele cha kilima ni pale moyo wa mtoto unaposukuma. Bonde ni pale unapopumzika. Kondo zuri la miezi ya mwisho lina njia nyingi zilizo wazi, kwa hiyo hata bondeni damu inaendelea mbele na bonde linabaki juu ya ule mstari wa chini. Njia zikiziba, bonde linashuka. Likigusa mstari, damu inasimama kati ya pigo na pigo. Likizama chini ya mstari, damu inarudi nyuma kuelekea kwa mtoto. Hatua hizo tatu, bonde kushuka, kugusa na kuzama, ndizo daktari anazitazama kwanza.

Kwa nini nimeandikiwa mimi na mwenzangu hakuandikiwa?

Kwa sababu kuna kitu kimemshtua aliyekupima. Mara nyingi ni tumbo kuwa dogo kuliko wiki zake, au utrasaundi kuonyesha mtoto hakui ipasavyo. Sababu nyingine ni presha ya mimba, kisukari, selimundu, matatizo ya figo, mapacha wanaotumia kondo moja, maji kupungua, mtoto kupunguza kucheza, au historia ya kupoteza mtoto tumboni au kuzaa mtoto mdogo sana. Kuandikiwa dopla maana yake kuna swali linalohitaji jibu. Bado hakuna aliyesema mtoto ana tatizo.

Si bora basi kila mjamzito apimwe?

Inasikika hivyo, na vituo vingine vya kulipia vinaiuza hivyo. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kuwa kwa mama mwenye sababu, dopla ya kiunga mwana inapunguza vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa kwa zaidi kidogo ya robo. Kwa mama asiye na sababu yoyote, kupimwa kama desturi hakujaonyesha faida. Kinacholetwa ni hofu, na wakati mwingine upasuaji ambao haukuhitajika. Hela yako ya ziada, kama ipo, ingefaa zaidi kwenye utrasaundi moja ya mapema. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri kila mjamzito apate moja kabla ya wiki 24. Nitaeleza chini kwa nini ile ya mapema ndiyo msingi wa hizi za mwisho.

Mnapima mishipa gani?

Ateri ya kiunga mwana ndiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayosema habari za kondo lenyewe.

Ya pili ni ateri ya kati ya ubongo wa mtoto. Mtoto anayepata hewa kidogo ana akili ya ajabu: anafungua mishipa ya ubongo ili damu iende huko kwanza, na kubana sehemu nyingine za mwili. Kama nyumba yenye unga kidogo, wadogo wanapakuliwa kwanza. Kwa hiyo ubongoni tunaogopa bonde likiwa *juu* kupita kawaida, kinyume cha kwenye kiunga mwana. Mshipa huohuo unatusaidia kushuku upungufu wa damu kwa mtoto, kwa mfano pale damu ya mama ya aina ya Rhesus hasi inaposhambulia ya mtoto: kasi ya kilele ikifika mara 1.5 ya kiwango cha kati cha wiki hizo, tunamtaarifu daktari siku hiyohiyo.

Ya tatu ni ateri za mji wa mimba, upande wako wewe mama. Mwisho wa ujauzito mji wa mimba hupokea nusu lita ya damu na zaidi kila dakika. Ili hilo liwezekane, vimishipa vilivyo chini ya kondo hupanuliwa katika miezi ya mwanzo. Visipopanuka, damu inapita kwa kubanwa, na hapo ndipo presha ya mimba na mtoto kudumaa huanzia mara nyingi.

Kuna mshipa mmoja mdogo pia karibu na ini la mtoto. Huo tunautazama hali ikiwa tayari ni tete na mimba ni changa, kusaidia kuamua kama anaweza kungoja.

Karatasi yangu imeandikwa PI 1.3. Ni kubwa?

Wiki ngapi? Bila wiki siwezi kukujibu, na ukimuuliza mtu mtandaoni akakujibu bila kuuliza wiki, achana naye.

PI, RI na S/D ni njia tatu za kulinganisha kilele na bonde kwa namba. Kwenye kiunga mwana, kadiri mimba inavyokua kondo hufunguka zaidi na namba zinashuka. PI ya 1.3 wiki ya 28 inaweza kuwa ya kawaida. Namba hiyohiyo wiki ya 38 iko juu. Ndiyo maana nasema utrasaundi ya mapema ni msingi. Kama tarehe zako tunakisia, mtoto wa wiki 34 anayekua vizuri ataonekana ni wa wiki 38 aliyedumaa, na namba zake zitasomwa vibaya. Nimeona akina mama wakiambiwa "mtoto mdogo" kumbe tarehe ndizo kubwa.

Majibu yangu yanasema "damu inakoma kati ya mapigo". Ndiyo nini hii?

Kwanza, kama bado uko nyumbani unasoma hapa, inuka uende hospitali leo.

Hili ni jambo zito. Linamaanisha sehemu kubwa ya njia ndani ya kondo haifanyi kazi. Kwa kawaida utalazwa, utachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na mtoto atafuatiliwa kwa karibu. Miongozo ya kimataifa inaelekeza kumzalisha mama huyu takriban wiki ya 32 hadi 34, na damu inayorudi nyuma wiki ya 30 hadi 32, mara nyingi kwa upasuaji, kwa sababu mtoto wa namna hii hahimili uchungu. Kama namba imepanda lakini damu bado inakwenda mbele, unaweza kufuatiliwa mpaka karibu wiki ya 37.

Kwetu uamuzi huu una uzito wake wa ziada. Mtoto njiti wa wiki 30 anahitaji wodi yenye joto, oksijeni na wauguzi wanaojua njiti. Ndiyo maana unaweza kupewa rufaa ukiwa bado unajisikia mzima. Usiikatae kwa kuwa huumwi popote. Kondo haliumi.

Pili, kipimo hiki hurudiwa kabla ya uamuzi mkubwa. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mama wa wiki 31, ametumwa na kituo kimoja akiwa na karatasi inayosema damu imekoma. Amelia njia nzima. Nilipoweka kipimo, bonde lilikuwapo, zuri tu. Kule walikuwa wamepandisha kichujio cha mashine, kile kinachoondoa mikwaruzo ya chini, nacho kikafuta damu ya polepole pamoja na mikwaruzo. Kwenye picha kulikuwa na nafasi nyeusi iliyonyooka kama imekatwa kwa rula, na hiyo ndiyo alama yake. Siku hizi nikiona damu "imekoma", kabla sijafungua mdomo nashusha kichujio, nahamia sehemu nyingine ya kiunga mwana, na naipima ateri ya pili.

Mbona mmechukua dakika arobaini na mtoto wa kabla yangu alichukua kumi?

Mtoto wako alikuwa akifanya mazoezi ya kupumua, au alikuwa anacheza. Akipumua, vilima vinapanda na kushuka kama jino la msumeno na namba haiaminiki. Nangoja atulie. Tukikupimia karibu na tumbo la mtoto namba nayo inakuwa kubwa kuliko karibu na kondo, kwa hiyo tunatafuta mkunjo unaoelea wa kiunga mwana. Haya yote yanataka subira, na anayekupimia kwa dakika mbili amekupunja.

Nimeambiwa kondo limezeeka. Litaacha kumlisha mtoto?

Swali hili nalijibu kila siku ya Mungu.

"Kuzeeka" kunatokana na vidoa vyeupe vya chokaa vinavyoonekana kwenye picha. Tangu mwaka 1979 vimekuwa vikipangwa madaraja, kutoka sifuri hadi la tatu. Daraja la tatu baada ya wiki 36 ni jambo la kawaida, kama mvi kwa mtu mzima, na mwenye mvi analima. Likionekana mapema sana, kabla ya wiki 32 hivi, hasa kwa mama mwenye presha au anayevuta sigara, hapo tunatazama ukuaji wa mtoto na dopla. Ila weupe peke yake hausemi damu inapitaje. Ukiambiwa ukapasuliwe *kwa sababu tu* kondo limezeeka wiki ya 37, uliza: mtoto anakua? Maji yakoje? Dopla inasemaje?

Dopla ya kiunga mwana ni nzuri lakini wanasema bado mtoto ni mdogo. Nani mkweli?

Wote wawili. Baada ya wiki 32, na hasa kuanzia 36, kondo linaweza kushindwa kumtosheleza mtoto mkubwa bila kiunga mwana kuonyesha kitu. Hapo ubongo ndio huonyesha kwanza, ndiyo maana tunagawa namba ya ubongo kwa namba ya kiunga mwana. Jibu likishuka chini ya 1, mtoto ameanza kujihami. Mama wa wiki 37 mwenye mtoto aliyedumaa asitulizwe kwa karatasi ya kiunga mwana peke yake.

Malaria inaingiaje hapa?

Inaingia moja kwa moja. Vimelea vya malaria kali hujificha ndani ya kondo, hata mama akiwa hana homa. Utafiti uliofanyika Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2002, uliwapima kwa dopla wajawazito karibu elfu moja wa wiki 32 hadi 35. Waliokutwa na malaria siku hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mtiririko mbaya kwenye ateri za mji wa mimba, na mtiririko mbaya uliambatana na watoto wadogo, njiti na vifo. Basi vile vidonge vya SP vya kuzuia malaria unavyopewa kliniki, meza palepale mbele ya muuguzi. Wapo wanaovitia kwenye pochi.

Kuna dawa, chakula au mitishamba ya kuzibua kondo?

Kondo lililokwisha kuharibika halizibuliwi. Juisi ya bitiruti na rozela, ukipenda kunywa, kunywa kwa utamu wake, haifungui kondo. Kulala kitandani mchana kutwa nako hakuongezi mtiririko. Uholanzi walijaribu sildenafili, dawa ya kupanua mishipa ya damu, kwa watoto waliodumaa tumboni, na mwaka 2018 utafiti ukasimamishwa baada ya watoto wa mama waliopewa dawa kuonekana na matatizo ya mapafu zaidi. Mitishamba ya kuharakisha uchungu ni hatari zaidi hapa, kwa sababu kila mji wa mimba unapokaza unabana damu, na mtoto huyu hana akiba.

Kinachosaidia kiko mwanzoni: aspirini ya dozi ndogo kwa mama mwenye hatari ya kifafa cha mimba, ikianzwa kabla ya wiki 16 kwa maelekezo ya daktari. Wiki ya 34 ni kuchelewa.

Ina madhara kwa mtoto? Mama mkwe anasema miale inaunguza.

Hakuna miale ya eksirei, ni sauti. Lakini mama mkwe hajakosea kabisa: dopla inatoa nguvu nyingi kuliko utrasaundi ya kawaida na inaweza kupasha joto kidogo pale inapolengwa. Mashine inaonyesha kipimo cha joto pembeni mwa skrini, nasi tunakiweka chini na hatukai mahali pamoja kuliko inavyohitajika. Ndiyo sababu nakataa ombi la "tuendelee kidogo nimrekodie baba yake".

Kitovu kimeonekana shingoni kwenye picha ya rangi ya dopla. Nifanyiwe upasuaji?

Hapana, si kwa hilo pekee. Takriban mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa na kitovu shingoni, na wengi wao mkunga hukivua tu kichwa kikitoka.

Nimesikia kuna MRI ya kondo.

Ipo. MRI ni kipimo cha picha kinachotumia sumaku, na inaweza kukadiria oksijeni ndani ya kondo. Marekani ilianzisha mradi mkubwa wa kulichunguza kondo mwaka 2014, na MRI ni sehemu ya kazi hiyo. Kwa sasa bado ni ya watafiti zaidi. Hospitali inaweza kukuandikia MRI kwa sababu nyingine, kwa mfano ikihofia kondo limejichimbia kwenye kovu la upasuaji wa zamani, na hapo tunaepuka ile dawa ya kung'arisha picha kwa kuwa inavuka kwa mtoto.

Jana dopla ilikuwa nzuri. Leo mtoto hachezi kama kawaida. Nisubiri miadi?

Usisubiri. Dopla ya jana ni ya jana. Kondo linaweza kubanduka ghafla kwenye mji wa mimba, kitovu kinaweza kubanwa, na hayo hayatabiriwi na vilima. Nenda leo, hata kama ni usiku. Hakuna mkunga mwenye akili atakayekulaumu akikuta mtoto mzima.

Nije na nini siku ya kipimo?

Kula kama kawaida na kunywa maji, kibofu si lazima kijae. Vaa nguo ya vipande viwili. Utalala umeegemea kidogo ubavu wa kushoto, kwa sababu ukilala chali mimba inakandamiza mshipa mkubwa wa damu na unaweza kusikia kizunguzungu. Njoo na kadi ya kliniki na majibu yote ya nyuma, hasa ile utrasaundi ya kwanza kabisa. Zile karatasi za kung'aa hufutika zikikaa kwenye pochi juani. Mwezi uliopita mama alinipa moja ikiwa nyeupe tupu. Ipige picha kwa simu siku hiyohiyo unapopewa, tarehe na vipimo vionekane.